Sikio la Njeri

Harufu ya maji ya betri haisahauliki. Inachoma pua, inaganda kooni, na kwenye nguo inaacha vitundu ambavyo mama alichoka kuviziba. Duka la baba lilikuwa Dagoretti Corner, chumba kimoja cha mabati chenye betri hadi mlangoni, na likizo moja ya Agosti tulishinda huko, mimi na mdogo wangu Njeri. Mimi ndiye kifungua mimba. Nilijua kutumia bomba la kioo: unafyonza maji ya kila chumba cha betri, unatazama kielea kikipanda kwenye kijani au kikizama kwenye nyekundu. Nilitaka jambo moja tu, baba amwambie mteja, "Binti yangu amepima, enda tu."

Lakini baba alikuwa na desturi yake. Hata kielea kipande vipi, neno la mwisho lilikuwa la stata, ile mota inayoamsha injini. Gari lilipowashwa, msikilizaji alikuwa Njeri, mtoto wa darasa la tatu, macho amefumba, mdomo umejaa mandazi. Alisikia uchovu wa betri ambao mimi sikuusikia kamwe. Wateja walimcheka, kisha wakarudi kumtafuta. Nilimwonea wivu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami niliingoja siku hiyo kwa hamu. Hakulitia maji hata mara moja.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja daktari kutoka Parklands. Njeri alikuwa ametumwa sukari. Nikapima vyumba vyote sita, vyote kijani. "Iko sawa," nikatangaza kwa sauti ya mtu mzima. Daktari akashika mlango wa gari aende zake.

"Daktari, ngoja kidogo," baba akasema. "Yule mwingine anakuja."

"Kwani huyu si amepima?"

"Amepima maji. Bado kusikiza."

Yule mwingine! Nilimwomba Mungu Njeri akosee. Akaja, stata ikapigwa, akatikisa kichwa. "Imechoka, Baba." Baba akaunganisha kipimo chake cha mshale, kile kinachoibebesha betri mzigo wa umeme, na mshale ukaanguka. Maji yalikuwa mazuri, ila mabamba ya ndani yalikuwa yamekwisha. Daktari akampapasa Njeri kichwani. Mimi nikaenda nyuma ya duka kuosha bomba lililokuwa safi, nikalia huko.

Siku hizi duka ni la Njeri, na kuna kifaa cha kidijitali: unabana waya mbili, kioo kinaandika afya ya betri kwa asilimia. Hata kiziwi anapima. Niliposikia Njeri amekinunua nilifurahi sana, maana nilidhani hatimaye tumelingana. Nami nikanunua changu. Mwezi uliopita nilipata gari, nikalipima betri mwenyewe, nikampigia baba simu huko Uthiru alikostaafu. Nikamsomea asilimia: zaidi ya tisini.

"Vizuri sana, mami," akasema. "Na Njeri amesikiza?"