Mwanamke niliyemnyima mto wa kulalia, Thika wakati wa Emergency

Wakuu, habari za huko mliko. Vijana, niaje.

Mimi nakaribia miaka tisini. Naandika mwenyewe kwa hii simu, kidole kimoja, kwa hivyo mkiona makosa mninyamazie tu. Haya nitakayosema niliyaona na macho yangu, na yananikasirisha mpaka wa leo. Kama unatafuta stori ya kukuchekesha, pita.

Kilichonifanya niandike ni huyu mtu aliyeweka hapa picha ya mtoto aliyeungua na uji, ati anauliza apake dawa ya meno ama unga. Na watu wazima wanamjibu. Mmoja anasema yai, mwingine majarini. Ngai. Mpelekeni mtoto hospitali.

Sasa nisikizeni.

Miaka ya hamsini nilikuwa muuguzi, nasi msaidizi kwa hospitali fulani Thika, jina sitaji. Wodi ya wanawake ilikuwa na kona ya walioungua, imezibwa na pazia kwa sababu ya harufu. Wenzangu walikuwa wanaitoroka hiyo kona. Mimi niliwekwa huko kwa vile nilikuwa mgeni, halafu nikazoea.

Na hatukuwahi kukosa wagonjwa. Serikali ya mkoloni ilikuwa imetutoa kwa mashamba yetu ikatufinya kwa vijiji vya Emergency, ile hali ya hatari, nyumba za nyasi zimebanana, moto uko katikati ya nyumba, watoto wako hapo hapo. Unategemea nini?

Wambui aliletwa asubuhi kutoka kijiji cha upande wa Gitothua. Alikuwa rika yangu, na mtoto wake wa kwanza, msichana, bado alikuwa ananyonya. Shuka lake lilishika moto jioni akiwa ameinama kwa mafiga. Wakati huo curfew ilikuwa imeanza, na ukitoka nje unapigwa risasi. Kwa hivyo walikaa naye ndani mpaka kukacha, mama mkwe wake akimpaka mafuta na majivu kwa sababu hakuwa na kitu kingine. Alikuwa ameungua kidevu, shingo na kifua.

Niseme kidogo juu ya Sister wetu wa kwanza, yule mkuu wa wodi. Alikuwa mzungu, mkali, salamu hajui, lakini kazi alijua. Ni yeye alinifundisha ya kwamba mtu akiungua shingo analala bila mto.

Unakunja blanketi unaiweka chini ya mabega, kichwa kinaenda nyuma, shingo inanyooka. Inauma vibaya sana. Mgonjwa mwenyewe anataka kuinamisha kidevu, kwa sababu hapo ndipo anapata nafuu. Ukimwachia, kidonda kinapona akiwa ameinama hivyo, ngozi inajikunja inashikana, na kidevu kinabaki kifuani maisha yake yote.

Na hiyo enzi, mwanamke wa kwetu bila shingo angefanya nini? Maji, kuni, viazi, vyote tulibeba mgongoni, kamba ya ngozi imepita kichwani. Mimi bado nina kibonde cha hiyo kamba hapa juu, njoo uguse. Hata kulea ni kuinua kichwa uone mtoto ameenda wapi.

Kwa hivyo nilimnyima Wambui mto.

Kila asubuhi nilikuwa naloweka bandeji na maji ya chumvi yaliyochemshwa ndio zisitoke na ngozi. Hata hivyo alikuwa analia mpaka wodi nzima inaninunia. Halafu ninamrudisha kwa ile blanketi ya mabegani. Nilimlisha mayai na uji kwa kijiko, nikifukuza nzi na mkono ule mwingine. Aliniita mchawi mbele ya watu.

Siku moja nikajaribu kumweleza. Nikamwambia ngozi yake ni kama ile ya mbuzi, usipoipigilia vigingi ikikauka inajikunja. Wuui, alinikasirikia! Akasema kama yeye ni mbuzi, basi nimchinje yaishe. Mpaka mimi nikacheka, na yeye akajaribu kucheka ikamuuma.

Mama mkwe wake alikuwa anakuja kila akipewa pass ya kutoka kijijini, na mtoto mgongoni. Mama mpole kabisa. Kila akija, anakunja shali yake anaiweka chini ya kichwa cha Wambui. Nikipita naitoa. Akija tena anaiweka tena. Hakuwahi kunigombeza, alikuwa ananiangalia tu na kusema, "Mwarĩ, binti yangu, wewe hujazaa bado."

Mtaniuliza kama nilikuwa nalia. Nililia, chooni, halafu nikarudi kazini.

Na ilikuwa inafanya kazi, wakuu. Ngozi ilianza kufunga shingo ikiwa imenyooka. Kuna asubuhi alijiinua peke yake, akageuza kichwa kwa dirisha, akaangalia mlima wa Kilimambogo. Siku hiyo alikula bila kuniita mchawi. Zilikuwa zimebaki wiki kadhaa tu za kuvumilia hivyo.

Ngojeni niepue chai.

Naendelea. Sister akahamishwa Nairobi. Yule aliyekuja hakupenda kufika nyuma ya pazia, lakini mimi nilikuwepo, kwa hivyo sikujali.

Halafu nikapewa off niende nyumbani Ruiru. Njiani lori ya askari ikasimama, tukaambiwa tupande, tunaenda screening, kuchunguzwa nani anasaidia watu wa msituni. Nilikuwa na pass, wakasema si sawa. Nikawaambia mimi ni nasi, nina mgonjwa ambaye hawezi kuachwa. Mmoja wao, kijana mwafrika kama mimi, akacheka. Akasema siku hizi kila mtu ana mgonjwa.

Nilikaa ndani ya seng'enge ya kambi miezi mingi. Sitaki kusema ya huko. Nitasema tu kwamba kila nikilala chini, bila mto, nilikuwa namfikiria yule mwanamke.

Wakaniachilia bila hata kuniambia nilikuwa nimekosa nini. Nikaenda wodini moja kwa moja, nikakuta kitanda kina mtu mwingine. Wenzangu wakanipa habari wakifurahi: ulipoondoka tu, Wambui alipata pumziko. Msichana aliyeletwa mahali pangu alimhurumia, akampa mto siku ya kwanza. Shali ya mama mkwe pia ikaachwa hapo. Kelele ziliisha. Sister mpya akaisifu hiyo kona kwa vile ilikuwa imetulia. Vidonda vikafunga vizuri, akaenda nyumbani akiwashukuru wote.

Niliketi kwa kile kitanda cha mtu.

Nilimwona baadaye, curfew ikiwa imetolewa, sokoni Ruiru. Niliona mwanamke ameinama nikadhani ameangusha kitu anakitafuta. Kidevu kilikuwa kimeshikana na kifua. Mdomo wa chini ulikuwa umevutwa, mate yanatoka, anayapangusa na leso. Mama mkwe alikuwa kando yake. Mzigo wa viazi ulikuwa mgongoni mwa yule mtoto, sasa msichana wa kama miaka mitano, kamba imempita kichwani.

Nikawasalimia. Wambui akaangalia viatu vyangu, kwa sababu hapo ndipo macho yake yalifika.

"Hiyo sauti naijua," akasema. "Wewe ndio ulininyima mto. Yule mwingine Mungu ambariki."

Nilipandwa na hasira nikamwambia yote, hapo hapo sokoni. Nikamwambia ni mto ndio ulimfanya hivyo. Mama mkwe akashika ile shali yake, akaikaza kifuani.

Wambui alipangusa mate na leso. Halafu akauliza, bila hasira yoyote, "Kama ulijua, ulienda wapi?"

Nikamwambia nilikuwa kambini. Akasema, "Ungewaambia una mgonjwa." Halafu akamshika mtoto wake mkono wakaenda.

Wakuu, hicho ndicho kinaniuma. Kila mtu aliyemshika Wambui alimhurumia. Nyinyi mlio na mgonjwa aliyeungua, mkiona nasi anamnyoosha na mgonjwa analia, msimtukane na msimfichie mto. Ulizeni kwanza.

Haya, semeni nyinyi. Ningenyamaza siku ile sokoni, nimwachie yule mama mzee shali yake? Semeni ukweli, mimi si wa kubembelezwa.

Na wewe wa kwa lori uliyecheka, kama bado uko hai na unasoma hapa: nilikuwa na mgonjwa. Alikuwa anaitwa Wambui.