Mawele Niliyoyaosha

Wale wa rika langu, mliokulia upande wa Matiliku wakati redio ilikuwa moja kwa kijiji kizima, mtanielewa nikisema kwamba asubuhi zetu zilianza na ndege. Kabla jua halijachomoza tulikuwa tumepanda dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, kombeo mkononi na rundo la madongoa miguuni. Kwelea walikuja kwa maelfu, wakageuka wote mara moja, nasi tukapiga kelele hadi sauti zikakauka. Mabega yaliuma lakini tulicheka sana. Tukirudi nyumbani tulikuta uji wa mawele kwenye kibuyu, mchachu kidogo, na ukiunywa kwa pupa unabaki na masharubu ya kuchekwa hadi mchana. Leo ukimwambia mtoto akalinde ndege shambani, atakuuliza kama hiyo kazi haiwezi kufanywa na simu.

Mawele yenyewe yalikuwa ya Susu, mama mzaa baba yangu. Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita bibi. Alikuwa na mengine mengi, kunde za madoadoa na nyeusi, mbaazi, pojo, mtama mwekundu, lakini hayo kila jirani alikuwa nayo. Mawele yale alikuja nayo kutoka kwao Kitui alipoolewa, yamefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Suke lake lilikuwa fupi, lenye nywele ngumu zilizowachoma ndege, na yalikomaa wakati mahindi ya watu bado yanasubiri mvua ambayo haikuja.

Siku moja kabla ya mavuno Susu aliingia shambani peke yake na nyuzi za katani, akifunga uzi kwenye masuke aliyoyachagua. Hakuna aliyeruhusiwa kukata lenye uzi. Mimi niliruhusiwa kubeba nyuzi tu, na ninakumbuka nilimwonyesha suke moja nene, la kupendeza, nikitaka sifa. Akalifunga. Kisha akainama akafunga jingine fupi, limepinda, halina hata nusu ya lile.

"Susu, hilo ni baya," nikamwambia.

"Hili baya lilikomaa na mvua mbili tu, Ndinda. Sasa wewe unataka niliache?"

Masuke ya mbegu yaliningʼinizwa juu ya mafiga, kwenye uchaga wa jikoni, na moshi wa kila siku ukayapaka masizi hadi yakawa meusi tititi. Yalikaa huko hadi mvua ya kupandia. Mbegu haikuuzwa. Mwanamke aliyepungukiwa alikuja na kibuyu kidogo, akapewa, na msimu ukiwa mzuri alirudisha kutoka shamba lake mwenyewe. Na mbegu haikuliwa. Mwaka ule wa mahindi ya manjano ya msaada, mnaukumbuka, tulipika maganda ya kunde, tukachemsha mizizi nisiyotaka kuitaja hapa, na mdogo wangu akavimba miguu. Masuke yalikuwa pale pale juu ya sufuria. Mama alimwomba Susu ashushe fungu moja tu. Susu alilia, lakini hakushusha. Mvua iliporudi, sisi tulikuwa wa kwanza kuvuna katika kijiji chote, na nyumba mbili jirani zilikula kwetu.

Ninaeleza haya ili mjue ni kitu gani nilichokiharibu.

Nilikuwa darasa la saba, na shuleni kulikuwa na somo jipya la sayansi kimu. Mwalimu wetu, mwanamke nadhifu ambaye viatu vyake havikushika vumbi, alitufundisha kwamba masizi ni uchafu, na uchafu huanguka kwenye chakula. Nilimpenda mno mwalimu yule. Nilipotazama jiko letu niliona aibu. Wakati huo Susu alikuwa ameenda Kitui kumlea shangazi yangu aliyejifungua, na akina mama wa kanisa walitarajiwa kwetu Jumamosi kwa maombi. Mama alikuwa sokoni. Nikaamua nitamfurahisha kila mtu.

Nilishusha mafungu yote. Niliyapura uani, nikapepeta, nikaziosha punje kwenye karai, maji matatu, hadi maji yakatoka safi. Nikazianika kuanzia adhuhuri hadi jioni, nikazitia kwenye debe la mafuta ya kupikia lenye kifuniko cha kubana. Uchaga niliusugua kwa majani ya msasa. Nilifanya kazi ile nikiimba. Akina mama wa kanisa walipofika mmoja wao alinisifu mbele ya wote, akasema atakayenioa atakuwa na bahati, nami nikainamisha kichwa kwa furaha.

Susu alirudi baada ya mwezi na siku kadhaa, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya. Aliingia jikoni kuota moto, akatazama juu. Nikamletea debe, nikiwa bado nasubiri sifa. Alipokifungua kifuniko, harufu ya uvundo ikatujia sote wawili. Akaingiza mkono, ukatoka na donge la kijivu lililoshikana, lenye ukungu.

"Uliziosha?"

"Zilikuwa na masizi, Susu."

Akakaa chini. Sikuchapwa. Ningechapwa ningekuwa nimesahau kitambo. Alitandaza donge lile juani, akalitenganisha punje kwa punje kwa siku mbili, na mvua iliponyesha tukapanda zilizoonekana kuwa nzima. Kila asubuhi kabla ya shule nilipitia shambani nikachuchumaa kwenye mistari, nikaomba Mungu kwa maneno yote niliyofundishwa. Yaliota magugu tu.

Tukaanza kuzunguka na kibuyu, sisi ambao tulizoea kuombwa. Tulienda kwa wale wote waliowahi kuchukua mbegu kwake, nyumba kwa nyumba, kisha siku ya soko tukatembea hadi Mbumbuni. Kila mahali tulikaribishwa vizuri, na kila mahali jibu lilikuwa lile lile. Walikuwa wameyaacha. Mwanamke mmoja wa Mbumbuni, rafiki yake wa zamani, alituonyesha ghala lake la mahindi na kusema, "Nani angelinda ndege, mama, na watoto wote wako shule? Mahindi yamejivalisha maganda yenyewe." Halafu akaongeza kwa upole, "Mimi nilijua tu, nikiyataka, wewe unayo."

Kitui tulipeleka habari pia. Dada zake walijibu kwamba nao walikuwa wakimtegemea yeye.

Njiani tukirudi watu walimuuliza Susu kilichotokea. Alisema, "Wadudu wamenishinda mwaka huu. Nimezeeka." Alisema hivyo kwa kila mmoja, nami nikiwa nimemshika mkono, na sikumkatiza hata mara moja. Watu wakaanza kumwambia mama pembeni kwamba mzee amechoka, afadhali aachiwe kazi ndogo ndogo. Nilisikia maneno hayo. Aliishi miaka sita baada ya hapo, akipanda mahindi ya dukani kama wengine, na sikumbuki akiingia tena shambani na nyuzi.

Siwezi kusema zamani kulikuwa kuzuri kuliko leo. Mdogo wangu hatembei vizuri mpaka sasa kwa ajili ya njaa ile. Wajukuu wangu wanashiba, na mama yao huninunulia Nairobi unga wa uji wenye picha ya kibuyu kwenye pakiti, wa bei ya kutisha, eti ni wa afya. Lakini mvua ikikatika mapema, na siku hizi hukatika karibu kila mwaka, mahindi yetu hukauka yakiwa yamefika kifuani tu, tunasimama kando ya shamba tukitazama, na hakuna boma la kwenda na kibuyu.

Hivi majuzi vijana waliosoma mambo ya kilimo walikuja Matiliku kuandika mbegu za zamani, zilizobaki na zilizopotea. Walituweka sisi wazee kwenye viti vya plastiki. Kijana mmoja mpole alinisikiliza nikieleza suke fupi, nywele ngumu, ladha ya uji wake. Aliandika yote. Kisha akauliza, kalamu ikiwa tayari, "Na hii ilipotea aje, mum?"

Nilifungua mdomo. Nina miaka hamsini na kitu, Susu hayupo, mama hayupo, hakuna wa kuniadhibu.

"Ukame," nikamwambia.

Akaandika ukame, akanishukuru, akamwita mzee aliyekuwa nyuma yangu.