Mizizi Iliyotakata

Nichekeni tu, lakini na nyinyi mungezaliwa Lusangi, penye machimbo ya dhahabu, mungefanya vilevile.

Madame Fatuma, mwalimu wa chuo kikuu, alinichukua nimsaidie kukusanya mizizi ya mimea ya pori pamoja na udongo wake: chini ya mlima, katikati, na kileleni. Alivaa glavu. Kila mfuko aliuweka kwenye sanduku la barafu.

"Papa Ramazani, mutu asifungue," alinionya. "Zaidi ule wa juu."

Udongo gani unalindwa hivyo kama hauna dhahabu?

Alipokwenda kumsalimu chifu, nilichukua mfuko wa kileleni na beseni, nikashuka mtoni. Niliosha udongo wote, nikasugua hata mizizi. Sikuona kitu. Nikajaza udongo wa ukingoni, nikarudisha mizizi juu yake, nikafunga.

Kumbe alirudi na chifu mwenyewe, aliyetaka kuona kazi yetu.

"Kuko vidudu vidogo, macho haivioni," Madame alimweleza. "Vinaishi mu udongo ulioshika muzizi. Nataka kujua kama vya juu kwenye baridi viko tofauti na vya chini."

Akafungua mfuko wa kileleni. Akainua mzizi mweupe, unaong'aa kama muhogo uliomenywa, akaugeuza huku na huku akitafuta udongo wake.

Chifu, mchimbaji wa zamani, aliutazama ule mzizi, kisha suruali yangu iliyolowa hadi magotini.

"Ramazani," akaniuliza taratibu, "sasa ile zahabu, uliipata?"