Rimu ya Gari la Baba Mkwe

Baba mkwe hakuwa mtu wa kuazimisha gari. Hata watoto wake wa kuwazaa waliliona likiwapita tu. Lakini mke wangu alipofikisha miezi minane ya mimba yetu ya kwanza, mzee akaliacha kwetu Bariadi. Sharti lake: nikilitunza, likae hadi binti yake ajifungue; nikilichezea, anarudi nalo kwake Kasoli pamoja na binti huyo. Jumamosi saa kumi angekuja kulikagua.

Ijumaa, kwenye njia nyembamba nikitoka Dutwa, nikakutana na mama mkwe akitembea. Kwetu Wasukuma, mwanaume hapishani na mama mkwe uso kwa uso. Unampa njia, hata kama umeshika usukani. Nikakata kona kama mwendawazimu. Yeye akajifunika kanga usoni, akaingia kwenye shamba la pamba. Mimi nikaikwangua rimu ya mbele kwenye ukingo wa kalavati.

Jumamosi asubuhi nikaanza ufundi ambao sikuwahi kufundishwa. Nikaosha, nikasugua kwa msasa mkali, nikaziba mikwaruzo kwa puti, nikasugua tena kwa msasa laini. Nikafunika tairi kwa magazeti, nikapuliza rangi ya fedha. Upepo ukaleta vumbi, rangi ikashika chembechembe, nikafuta, nikaanza upya. Mke wangu akasema akiwa mlangoni, "Si umwambie tu baba ukweli?" Nikamfokea. Niliogopa, na mimi nikiogopa napiga kelele.

Saa tisa rimu iling'aa. Iling'aa mno! Zile tatu nyingine zilionekana kama masufuria ya msibani. Nikachota vumbi, nikaanza kuichafua ile mpya kwa kiganja.

Mzee akafika kabla sijanawa.

"Mwadila, baba," nikamsalimu.

Akaitikia, akalizunguka gari, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye rimu. Kikatoka na rangi.

"Hii imekuwaje?"

"Niliegesha sokoni, baba. Nikakuta imekwaruzwa, sijui na nani."

Akasimama, akajifuta kidole.

"Mama yako kanieleza jana," akasema taratibu. "Kasema ulimpisha, ukagonga kalavati kwa kumheshimu. Nimekuja kukushukuru, mkwe."

Sikuwa na pa kuuficha uso wangu.

"Gari kukwaruzika ni kawaida," akaendelea. "Ila binti yangu, hali aliyonayo, simwachi na mtu anayenidanganya."

Mke wangu akafunga nguo zake bila kuniangalia. Mwanangu wa kwanza alizaliwa Kasoli. Mimi niliambiwa kwa simu.