Shaba Iliyong'aa Mno

Aliyembatiza jina la Masizi hakuumiza kichwa. Mtu mwenyewe alikuwa na masizi kwenye kucha, kwenye mikunjo ya shingo na ndani ya masikio, na hata shati lake la kuendea harusini lilikuwa na kola ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuishinda. Kazi yake ilikuwa kuchoma waya. Alinunua nyaya kuukuu kwa waokota vyuma, zile zinazotoka kwenye majengo yaliyobomolewa na friji zilizokata roho, akazirundika nyuma ya nyumba yake na kuzitia moto. Plastiki ikiisha kuungua, shaba ilibaki, nyeusi na iliyokunjamana, naye akaipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ukuta wa nyuma wa nyumba ulikuwa mweusi hadi dirishani. Mwenyewe hakuuona tena.

Kuhusu moshi alikuwa na msimamo wake. "Moshi unakwenda juu," alisema, "na watu tunaishi chini." Jirani yake, fundi cherehani aliyeshona magauni meupe ya maharusi, alikuwa na msimamo mwingine, na aliutoa kwa sauti kubwa kila alipoanua nguo. Masizi alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akaongeza kuni.

Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alipolalamika, Masizi alimwambia kwamba siku hizi anachomea kule bondeni, mbali na watu. Alisubiri mkewe aende sokoni ndipo awashe moto, na mkewe aliporudi alimkuta amekaa kibarazani ametulia tuli, huku mapazia yananuka kama tairi. Mkewe alimwamini. Hakuwa mjinga. Alikuwa na mambo mengi ya kushughulikia, na kumwamini mumewe lilikuwa moja ambalo halikumchosha.

Kilichowatenganisha ni kifua cha kitinda mimba wao, aliyebaki peke yake nyumbani. Mtoto wa kike, mwembamba, mwenye maswali mengi ambayo aliyakata katikati ili akohoe. Daktari wa zahanati alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akauliza kama kuna mtu nyumbani anayevuta sigara. Masizi aliapa kwamba tangu azaliwe sigara haijagusa midomo yake. Ilikuwa kweli tupu, na alijivunia njia nzima ya kurudi.  Walipofika mkewe aliingia chumbani, akatia nguo zake na za mtoto kwenye mkoba, akamuaga.

"Tunakwenda kwa kaka. Siku moshi ukiisha, tutarudi."

"Moshi gani, mama mtoto? Si nilikwambia nachomea bondeni?"

Mkewe aliutazama ukuta, akamtazama yeye, akaondoka. Masizi alibaki na nyumba nzima, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba ni kubwa.

Wokovu ulikuja kwa mkono wa shemeji yake, yule kaka wa mkewe, na si kwa sababu ya upendo. Shemeji huyo alikuwa akiosha malori kando ya barabara kuu kwa mashine ya maji ya shinikizo, mpaka kituo cha malori kilipohamishwa na mashine ikabaki imefunikwa turubai. Dada yake na mtoto walilala sebuleni kwake. Mke wa shemeji alikuwa ameanza kuweka sufuria chini kwa kishindo. Asubuhi moja shemeji alifika kwa Masizi akisukuma mkokoteni, jasho linamtoka.

"Shemeji, maji ya mashine hii yanabandua rangi ya lori. Yashindwe na plastiki ya waya?"

"Unanikopesha?"

"Nakupa. Nirudishie sebule yangu."

Siku ya kwanza Masizi aliulaza waya chini, akaukanyaga kwa buti, akaelekeza bomba na kubana. Waya uliruka ukuta na kutua kwa fundi cherehani. Wa pili ulimchapa mguuni akajua kwa nini watoto hulia. Alipoufunga wa tatu kwenye mlango wa stoo, maji yalikosa waya na kuubandua mlango rangi yote, ukabaki mbao tupu. Jioni ile nyumba ilikuwa imeoshwa kuliko wakati wowote katika maisha yake, na waya hata mmoja haukuwa umevuliwa.

Lakini mtu huyu alikuwa mbishi, na ubishi ukipata kazi ya maana unaitwa bidii. Alichukua kipande cha bomba la chuma chembamba, akatoboa tundu ubavuni, akaifunga ncha ya mashine hapo kwa vibano. Waya uliingia upande mmoja wa bomba, ukakutana na maji katikati bila nafasi ya kukimbia, ukatoka upande wa pili. Nyaya za zamani, zile ngumu ambazo jua limekwisha kuzitafuna, zilivuliwa ganda kama ndizi iliyoiva. Zile laini zilimgomea mpaka alipojifunza kuzichana kidogo kichwani kwa kisu ili maji yapate pa kuanzia. Nyuzi ndogondogo za shaba zilipokimbia na maji, alitandika chandarua kikuukuu juu ya pipa: nyuzi zikabaki juu, maji yakashuka chini na kurudi mashineni.

Na shaba iliyotoka humo, jamani. Nyekundu, laini, inang'aa kama sufuria ya bibi arusi. Masizi alikuwa ameishika shaba nusu ya maisha yake na hakuwahi kuiona sura yake. Aliichukua mkononi, akaigeuza, akaona haya kidogo, kama mtu aliyeishi na jirani miaka mingi bila kumuuliza hali.

Mambo mengine yalifuata. Kucha zake zilitakata. Mtu wa dukani alimwita "mzee" na kumuuliza amehamia lini. Fundi cherehani alinusa hewa siku kadhaa kwa mashaka, kisha akathubutu kutundika gauni jeupe la harusi kwenye kamba ya nje. Lilipokaa kutwa nzima bila doa, alimpigia simu mke wa Masizi.

"Mama, rudi nyumbani. Mumeo ameingiwa na akili."

Masizi hakujua habari ya simu hiyo. Yeye alikuwa njiani na gunia lake la kwanza, moyo umejaa, kuelekea kwa mnunuzi wa chuma chakavu ambaye mtaa mzima ulimwita Mizani. Mizani alikuwa mtu mnene mwenye suruali yenye mikanda ya mabegani, na yadi yake ilijaa vilima vya shaba nyeusi. Alifungua gunia, akalifunga haraka, akatazama getini.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye waya."

"Waya wa nani?"

"Wangu. Nimeivua kwa maji."

Mizani alicheka mpaka akashikilia mzani asianguke. "Masizi, tumejuana siku nyingi. Ukitaka kunidanganya, niletee uongo wenye kichwa na miguu. Kwa maji?"

"Kwa maji ya mashine. Njoo nyumbani uone."

"Sikiliza. Shaba ya watu huja nyeusi. Hii inang'aa mno, imetoka kwenye waya mpya, na waya mpya una mwenyewe. Watu wa umeme wakija hapa nitawaambia imeoshwa?" Alimsukumia gunia kwa mguu, taratibu, kama anavyosukumwa mbwa wa mtu mwingine. "Kaipitishe motoni kidogo. Ipate sura ya kawaida, halafu niletee."

Masizi alijaribu yadi nyingine mbili. Katika moja walimfukuza. Katika nyingine walimuuliza, kwa kunong'ona, kama anaweza kupata nyingine kama hiyo wiki ijayo.

Alirudi nyumbani ameishiwa nguvu. Nyumbani hakukuwa na unga, na waokota vyuma walikuwa wanangoja. Akajishawishi kama alivyozoea kuwashawishi wengine: moto mdogo, mara moja tu, mama mtoto yuko kwa kaka yake, nani atajua. Kuni hakuwa nazo tena. Alichokuwa nacho ni rundo la maganda ya plastiki aliyoyavua kwa jasho lake lote. Basi akayachukua maganda yaleyale, akayawasha, na juu yake akaiweka ileile shaba iliyotoka ndani yake. Moshi mweusi ukapanda kwa furaha, kama mgeni aliyerudi kwake.

Alikuwa anaigeuza shaba kwa fimbo, iive pande zote, aliposikia kikohozi nyuma yake. Angekitambua kikohozi hicho katikati ya soko. Alipogeuka, mkewe alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mkoba mkononi, mtoto ameshikwa mkono na amevaa viatu vya kutokea.

"Sichomi waya," Masizi alisema.

Mkewe alielekeza kidevu motoni.

"Waya nimeshauvua. Kwa maji, ile mashine ya kaka yako. Haya ni maganda tu."

"Na hiyo shaba juu ya moto?"

"Naitia weusi. Mizani hainunui ikiwa safi. Anasema ya wizi."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka na akajua kwamba yeye asingeyaamini. Uongo wa bondeni ulikuwa umesimama vizuri miaka yote ile. Huu ukweli haukuwa na pa kushika.

"Ulikuwa unachoma, unaniambia huchomi," mkewe alisema polepole. "Leo huna cha kuchoma, na bado unachoma."

Mtoto alikohoa tena, mara hii kwa muda mrefu, ameinama na mikono magotini kama mzee. Siku zote kikohozi hicho kilimjia Masizi kutoka ndani ya nyumba, kupitia ukutani, huku yeye ameshughulika na moto. Sasa kilikuwa mbele yake mchana kweupe na hakukuwa na ukuta. Aliona aibu iliyomshika mwili mzima, hata akasahau kuitupa fimbo.

Mkewe alimsogeza mtoto mbali, akaweka mkoba chini, akaiona ncha ya mashine, iliyofunguliwa kwenye bomba, imelala kwenye pipa. Akaiwasha mashine kama alivyomwona kaka yake akiwasha, akaelekeza motoni na kubana. Hakuna aliyekuwa amemwonya kuhusu nguvu yake. Moto ulizimika palepale, hilo ni kweli, lakini majivu, matope na maganda yaliyoyeyuka yalipaa kwa pamoja, yakavuka ukuta, na kutua juu ya gauni jeupe la harusi.  Kisha sauti ya fundi cherehani ilisikika, na yaliyosemwa hayaandikiki. Shaba yenyewe ilibaki kwenye tope, imeoshwa, inang'aa vilevile.

Mkewe aliitazama. Akaokota uzi mmoja, akauelekeza juani, akaupitisha kati ya vidole. Kisha akaukagua mlango wa stoo uliobanduliwa rangi, bomba lenye tundu ubavuni na kile chandarua juu ya pipa.

"Kumbe ni kweli," alisema, na alionekana kushangaa zaidi kuliko kama angemkuta mumewe anaruka angani.

Asubuhi iliyofuata mkewe alikwenda mwenyewe kwa Mizani. Masizi alibeba gunia nyuma yake. Mizani alipoona kinachong'aa ndani ya gunia alianza kutikisa kichwa, lakini mama yule hakuwa na haraka.

"Bwana, nikuulize. Mwizi akiiba waya wa watu, atakuletea shaba ya rangi gani?"

"Nyeusi," Mizani akajibu bila kufikiri. "Lazima auchome kwanza, alama zisionekane."

"Ahaa," alisema yule mama.

 Aligeuka tu, akaanza kuvitazama vilima vya shaba nyeusi, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayechagua nyanya. Mizani naye akavitazama, na uso wake ulionyesha kana kwamba kuna mtu amevimwaga pale bila ruhusa yake. Alijifuta jasho. Akapima gunia, akalipa, kisha akaimwaga shaba safi chini kabisa ya gunia kubwa na kuifunika kwa nyeusi juu, isije ikamletea balaa.

Wiki zilipita. Fundi cherehani alijengewa ukuta wa bati, akabakiza malalamiko kuhusu kelele za mashine, na huwezi kumlaumu, kwa maana mtu anahitaji kitu cha kulalamikia. Masizi alibaki na jina lake ingawa halikuwa na maana tena. Mkewe alipika, alifua, alilala nyumbani. Lakini ule mkoba wa nguo aliuweka nyuma ya mlango, umefungwa, na kila asubuhi alitoa nguo za kuvaa humo, na kila jioni alizirudisha humo zikiwa zimekunjwa.  Masizi hakuthubutu kuuliza. Alipita pembeni ya mkoba ule kama anavyopita mtu pembeni ya mbwa aliyelala.

Mchana mmoja alizima mashine ili abadilishe mpira wa maji, na nyumba ikawa kimya. Alifanya kazi kidogo, akasimama. Kuna kitu kilikosekana. Kwa muda mrefu alikuwa akijua mtoto yuko wapi bila kumtafuta: kikohozi jikoni, kikohozi barazani, kikohozi chumbani, naye akaendelea na shughuli zake. Sasa hakusikia kitu popote. Alitupa bisibisi na kukimbia ndani na mabuti yake, matope yakimfuata.

Mtoto alikuwa amelala kitandani, mdomo wazi, shuka linapanda na kushuka. Mama yake alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati.

"Unatafuta nini na hayo mabuti?"

"Hakohoi."

"Ndiyo. Hakohoi."

"Nilidhani..." Masizi aliyatazama matope aliyoyaleta sakafuni. 

Mkewe alimwangalia muda kidogo. Kisha akaendelea na kazi yake. Alikuwa anapanga nguo za mtoto kwenye kabati, na mkoba ulikuwa pembeni yake sakafuni, mtupu, umelala kwa ubavu.

"Rudi kazini," alisema kwa sauti ya chini.

"Mashine ina kelele. Ataamka."

"Basi ngoja."

Masizi alikaa chini palepale mlangoni, maji yanamchuruzika, akaendelea kusikiliza.