Mkinyamaza Atarudi

Nilipewa darasa la mwanamke mwingine katikati ya muhula wa pili. Mwalimu mkuu alinikabidhi rejista na boksi la chaki lililobaki nusu, akasema mwenye darasa yuko likizo ya ugonjwa, pengine wiki tatu, pengine zaidi. Alikuwa amefundisha watoto wa Gredi ya Kwanza katika shule hiyo ya Shauri Moyo kwa muda mrefu, hata baadhi ya wazazi waliokuja kuleta watoto walikuwa wamepita mikononi mwake. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nitoke chuoni.

Watoto walikuwa sitini na wanane. Nyuma ya ukuta wa darasa kulikuwa na mafundi wa mabati, watu wa kuunda masanduku na majiko, na nyundo zao zilianza kabla ya kengele ya asubuhi na kuendelea mchana kutwa. Nilikuja na faili yangu ya chuoni. Nilibandika chati ya sheria za darasa, nikaandaa nyota za karatasi za kuwapa wenye adabu. Kufikia Jumatano chati ilikuwa imechanika na nyota zilikuwa kwenye mapaji ya nyuso za watu ambao sikuwapa. Waligombania penseli, waligombania raba za kufutia, waligombania kukaa karibu na dirisha. Mmoja akiomba kwenda chooni, kumi na watano walikumbuka kwamba nao wamebanwa. Nilipaza sauti, nao wakapaza. Jioni nilikuwa naongea kwa kukwaruza kama mtu mwenye homa.

Mwalimu wa Gredi ya Pili, mama mtu mzima aliyekuwa jirani yangu wa ukuta wa pili, alichungulia siku moja akasema, "Madam, darasa lako linasikika mpaka ofisini."

Aliyenisaidia kwanza alikuwa msichana wa dawati la mbele. Alivaa sweta kubwa iliyomfika magotini, mikono yake imekunjwa mara tatu. Alinitazama nikihangaika, kisha akasema bila kejeli yoyote, "Ticha wetu hapigangi kelele. Anasimamanga hapo."

Alionyesha mahali karibu na dirisha ambapo saruji ilikuwa imelika kidogo. Nikaenda nikasimama hapo. Nikangoja. Safu mbili za mbele zikatulia, wakakunja mikono juu ya madawati, wakaniangalia.

Nikaanza kumuuliza mambo. Ticha wenu hufanya nini mkiingia? Husimama mlangoni, akamsalimia kila mmoja kwa jina kabla hajaingia. Penseli je? Hukaa kwenye makopo, na kila safu ina mtu wa kopo, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Chooni mnaendaje? Wawili wawili, na mwenye zamu hushika kipande cha mti kilichopakwa rangi nyekundu, kikirudi ndipo wengine waende. Wakipiga kelele? Yeye hushusha sauti, akaongea pole pole zaidi, mpaka wanalazimika kunyamaza ili wasikie. Kile kipande cha mti nilikikuta kwenye droo ya meza, chini ya leso yake.

Nilifanya hayo yote, na yalisaidia. Siku zikawa afadhali. Lakini nilikuwa nafundishwa kazi na mtu asiyekuwepo, na watoto walinikosoa kwa niaba yake. "Ticha wetu haandikangi hapo juu." "Ticha wetu husema tafadhali." Walimzungumzia kana kwamba ametoka nje kidogo kuchukua kitu. Wakati mwingine, nikiwa nimegeukia ubao, mlango ukigonga kwa upepo, wote waligeuka kuutazama, kisha wakanirudia mimi, na niliona nyuso zao zikishuka.

Siku ya mvua ndiyo iliyoniharibia. Maji yalipiga mabati ya paa hivi kwamba hakuna sauti ya chini wala ya juu ingeweza kusikika. Paa lilivuja pembeni, watoto wakaanza kurukia madawati, mmoja akaanguka akapasuka mdomo, damu ikadondoka kwenye daftari, wengine wakalia kwa kuiona. Mvua ilipopungua kidogo nilisimama kwenye ile saruji iliyolika, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Mkinyamaza, ticha wenu atarudi! Mkipiga kelele, harudi!"

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Neno lilitoka tu. Lakini darasa lilikatika sauti kama redio iliyozimwa. Watoto sitini na wanane walikaa chini, wakaweka vidole midomoni. Nje, nyundo za mafundi zikaanza tena.

Ningeliacha hapo, huenda lingesahaulika. Sikuliacha. Kesho yake walipochangamka nilisema tena, kwa utaratibu, na likafanya kazi vizuri zaidi. Wiki ya pili sikuhitaji kusema. Waliambizana wenyewe kwa kunong'ona: "Nyamaza, ticha hatarudi." Waliviziana. Aliyeangusha penseli alitazamwa na wote. Mwalimu mkuu alipita dirishani siku moja, akasimama, kisha mchana akawaambia wengine katika chumba cha walimu kwamba waje kuona jinsi Gredi ya Kwanza inavyokaa. Mwalimu jirani akaniuliza siri yangu ni nini. Nilicheka nikasema, "Ni uvumilivu tu, Madam."

Jumamosi moja tulikwenda walimu watatu kumwona mwenye darasa. Alikuwa akiishi Kware, kwenye moja ya zile ghorofa zilizobanana hata mchana taa za ngazi zinawashwa. Tulipanda mpaka orofa ya tano, tukipita nguo zilizoanikwa na milango iliyo wazi. Alikuwa amekonda, kitambaa kichwani, amekaa kitandani na mto mgongoni. Dada yake aliyetoka Machakos kumuuguza alituletea chai. Wenzangu walipokuwa wakizungumza na dada, mgonjwa aliniita nikae karibu naye.

"Bado wanagombania dirisha?" akaniuliza.

"Wameacha."

"Wameacha?" Akatabasamu kwa mshangao. "Mimi hawajawahi kuniachia. Umefanyaje?"

"Nafuata taratibu zako," nikamwambia. "Watoto wamenionyesha."

Alinitazama usoni. Kisha akasema, "Yule wa sweta kubwa. Umsemeshe kila asubuhi kabla hajakaa, hata neno moja. Usipomsemesha, anajifungia, na ukimpoteza asubuhi humpati tena siku hiyo."

"Anaongea sana siku hizi," nikasema. Huo nao ulikuwa uongo, maana tangu siku ya mvua sikuwa nimemsikia akisema lolote zaidi ya "niko" wakati wa kuita majina.

Alifariki siku kumi baadaye. Habari zilitufikia wakati wa mapumziko, chai ikiwa vikombeni. Mwalimu mkuu alilia, sote tulilia. Alipojifuta alisema wale wadogo wasiambiwe kitu. "Waambie amesafiri," akaniagiza. "Wataelewa wakikua."

Niliporudi darasani walikuwa wamekaa, mikono imekunjwa, vidole midomoni. Hakuna aliyekuwa amewaambia wanyamaze. Nilijaribu kusema amesafiri, nikashindwa, nikaandika hesabu ubaoni.

Lakini mtaani mambo hayafichiki. Wazazi walikwenda matangani. Basi lililobeba jeneza kwenda kwao Ukambani lilipita shuleni, likasimama nje ya lango, na waliochelewa kwenda nyumbani wakaliona. Jumatatu iliyofuata watoto wote walikuwa wanajua, na hakuna aliyeniuliza. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Niliuliza swali, hakuna mkono uliopanda. Nikawaambia waimbe wimbo wa kuhesabu, wakafungua midomo na sauti ikatoka ndogo sana, kisha ikaisha kabla ya kufika kumi. Wakati wa mapumziko walitoka kwa mstari, wakasimama kando ya ukuta kwenye jua, wakarudi kwa mstari. Watoto wa miaka sita. Siku nzima nilisikia nyundo tu, na kila nyundo iliponyamaza nilitamani ianze tena.

Siku ya tatu msichana wa sweta alibaki nyuma wengine walipotoka. Alikuja mpaka mezani, akatazama viatu vyangu.

"Ticha, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nilipiga kelele. Nilikuwa naongea chini ya dawati. Hukuniona." Akavuta mkono wa sweta. "Siku mingi."

Nilimwambia hapana, si yeye, hakuna mtu aliyefanya kosa. Aliinamisha kichwa kunikubalia, kwa heshima, na nikaona wazi kwamba hajaamini hata neno moja.

Jioni hiyo nilikwenda kumtafuta mama yake Gikomba, alikokuwa akiuza nguo za watoto za mitumba. Nilimkuta akifunga robota lake. Alidhani nimekuja kulalamika.

"Amefanya nini, Mwalimu?"

"Hajafanya kitu, Mama. Ni mimi."

Nikamweleza yote, kuanzia mvua. Alinisikiliza akiwa ameshika kamba ya robota. Nilipomaliza alisema, "Kumbe ndiyo sababu. Mtoto analala amejiziba mdomo kwa mkono. Nikimtoa mkono, anaurudisha. Nilidhani ni jino."

Watu walitupita na mizigo, wengine wakitusukuma.

"Mimi nimemwambia ticha wake aliugua," akaendelea. "Hanisikii. Wewe ndiwe uliyelisema neno hilo, basi wewe ndiwe utakayelitoa. Na usimwambie peke yake. Waambie wote, maana wote walikusikia."

Kesho yake sikusimama dirishani. Niliketi sakafuni katikati ya madawati, nikawaita wakae kunizunguka. Waliketi kimya.

"Ticha wenu amekufa," nikasema. "Alikuwa mgonjwa sana tumboni, kabla hata mimi sijaja hapa. Niliwaambia mkinyamaza atarudi. Huo ulikuwa uongo. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimechoka. Ugonjwa haukusikia kelele zenu, na wala haukusikia mkinyamaza."

Nyundo zilipiga. Mvulana mmoja akauliza, "Ata kama hatungepiga kelele?"

"Hata kama hamngepiga kelele hata siku moja."

"Na yeye alijua tumenyamaza?"

Nilifikiria ile orofa ya tano. "Tulimwambia mmenyamaza, akafurahi," nikasema, halafu nikajisikia naanza kudanganya tena, nikakatiza. "Hapana. Nilimwambia tu kwamba mmeacha kugombania dirisha. Alisema hamjawahi kumwachia yeye dirisha. Alitabasamu."

Kuna waliolia. Msichana wa sweta hakulia. Alinitazama kwa macho makavu na kusema, mbele ya wote, "Basi kwa nini ulisema?"

"Nilikosea," nikamwambia. "Samahani."

Niliwaruhusu watoke kucheza, nikawaambia wapige kelele wapendavyo. Walitoka kwa mstari.

Ilichukua karibu muhula mzima. Sauti zilirudi moja moja, kwanza uwanjani, kisha darasani. Asubuhi moja wawili walipigana kwa sababu ya raba, mmoja akapiga ukelele uliofika ofisini, na mwalimu jirani akachungulia akiwa na hasira, akanikuta nimeegemea ubao nikitokwa na machozi. Akafunga mlango pole pole. Yule msichana nilimsemesha kila asubuhi mlangoni. Alianza kunijibu baada ya wiki nyingi, kwa kifupi, na mwisho wa mwaka familia yao ikahama mtaa.

Bado nafundisha Gredi ya Kwanza. Walimu wapya wakiniuliza, nawaeleza kuhusu makopo ya penseli, kipande cha mti chekundu, kusalimia mlangoni, kushusha sauti. Nawaambia vimetoka kwa nani. Na darasa likinyamaza lenyewe bila sababu, hata kwa nusu dakika, mimi huangusha kitu makusudi au humwuliza mtoto yeyote amekula nini jana.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, nilikuwa Soko la Burma nikingoja nikatiwe nyama. Msichana mrefu katika sare ya shule nyingine alisimama pembeni yangu na mama yake, nikamjua mama kwanza, yule wa mitumba ya Gikomba. Tulisalimiana. Mama alinishika mkono kwa mikono miwili, akauliza habari za shule. Msichana alisema, "Hujambo, Mwalimu," kwa sauti safi, akaanza kuzungumza na muuzaji, akikataa mfupa, akidai steki, akicheka naye. Alikuwa na maneno mengi.

Nilitaka kumwuliza kama anakumbuka. Mama yake aliniangalia usoni, akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja, kunikataza. Nikalipia nyama yangu nikawaaga.