Picha Waliyonituma Niikague

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu upande wa Mhunze, hadithi ilikuwa na saa zake. Ukiisimulia jua likiwa juu, bibi yangu alisema, kuna kitu cha nyumbani kwenu kitapotea. Watoto wengine waliambiwa ni ng'ombe, wengine waliambiwa ni mama. Sisi hatukuambiwa ni kitu gani, tukaachiwa tujaze wenyewe. Hoja ya bibi ilikuwa hii: hadithi ya usiku ikiisha watu wanalala, nayo inalala. Ya mchana haina pa kulala, inaondoka na watu kwenda mashambani.

Mimi sikuwa mtoto wa kukatazwa. Shule niliishia darasa la nne, na hata hayo manne, mwalimu alichoshwa na mdomo wangu kuliko mimi nilivyochoshwa na hesabu zake.

Basi siku hiyo tulikuwa tunachuma pamba, mimi na mdogo wangu Holo, yeye hata miaka sita hajatimiza. Jua kali, Holo analia anataka nyumbani. Nikamwambia nyamaza nikupe hadithi. Nikampa ile ya kikongwe mwenye misukule: watu wamekufa, wamezikwa, wameliliwa, kumbe kikongwe amewachukua na wanamlimia shamba lake bila kutoa neno. Hadithi ya kawaida, kila mtu anayo. Ila kikongwe wa hadithi hana sura, na mimi nilitaka Holo acheke. Nikamwazimia sura ya jirani yetu, Bibi Limi. Nikachechemea kama yeye, nikasema kwa sauti yake ya puani, nikamtia na macho yake mekundu.

Macho hayo hayakuwa na ajabu. Kule kwetu kuni zilikuwa za kutafuta, tulipikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake, we acha tu. Pika nao miaka arobaini uone kama macho yako yatabaki meupe. Lakini Holo alicheka mpaka akamwaga kikapu cha pamba, nami nikajiona fundi.

Mwezi haukuisha, baba mdogo akafariki. Aliugua tumbo siku tatu, ya nne hakuamka. Mchana watu wamejaa uani kwenye msiba, Bibi Limi akaingia na ungo wa unga kichwani, kama jirani yeyote. "Mwadila," akasalimu. Kabla hajaitikiwa, Holo akaruka nyuma ya mama na kupiga ukelele: "Amekuja kumchukua baba mdogo akamlimie!"

Ua mzima ukamgeukia Bibi Limi. Shangazi yetu mmoja, Mungu amrehemu, mtu wa maneno kunizidi hata mimi, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Wewe umemwona wapi?"

"Kwenye pamba. Nimemwona, shangazi. Anatembea hivi." Na Holo akachechemea.

Mtoto hakusema uongo. Alichokiona alikiona kweli, ila aliniona mimi.

Nikapenya katikati ya watu wazima nikipiga kelele, "Ni hadithi yangu! Nilimsimulia mimi, mchana, tukichuma pamba!" Nilishajiandaa kwa fimbo, na ningeipokea kwa furaha. Shangazi akanishika kichwa kwa mikono miwili, kwa huruma kabisa, akawageukia wenzake. "Mnaona? Na huyu naye ameshatishwa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba neno likishatoka, hata mwenyewe hapewi alirudishe.

Hakuna aliyemgusa Bibi Limi siku ile. Ila unga wake haukupikwa. Ulikaa kwenye ungo mpaka matanga yakaisha, kuku wakaufikia. Juma la pili aliondoka kwenda kwa binti yake, mbali, upande wa Geita, jembe begani na kuku wawili kwenye tenga. Bibi yangu alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi hakunichapa. "Fimbo ingemrudisha," alisema, "ningekuchapa mpaka jioni." Nimechapwa mara nyingi maishani na zote nimezisahau. Hiyo ambayo sikuchapwa, sijaisahau.

Sasa mimi umri wa Bibi Limi nimeufikia, labda nimeupita. Ninaishi Segese kwa mwanangu, mtaa wenye vumbi la karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Na juzijuzi tu, watoto wakiwa likizo, Masanja mwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, akatangaza picha mpya ya maroboti, itaonyeshwa saa nane mchana, watoto waje. Bombani akina mama wakagombana. Wengine walisema watoto wakatazame wapumzishe watu, wengine wamesikia humo watu wanakatwa vichwa.

Mkwe wangu, Mama Kabula, akapata dawa. "Mama, wewe huna kazi. Nenda ukaitazame asubuhi, uje utuambie kama inawafaa."

Huna kazi! Mtu niliyemlelea mtoto tangu hajaota jino. Lakini sikubishana. Kutumwa kwenda kuangalia jambo halafu urudi ulisimulie, hiyo kwangu ni sikukuu. Nikavaa kitenge cha kutokea, nikakaa benchi la mbele peke yangu, Masanja akaniwashia.

Ilikuwa picha ya watu wa miaka ijayo. Wanaishi kwenye nyota fulani, wanachimba madini kama sisi, isipokuwa wao wana viatu vizuri. Vichwa vilikatwa, kweli. Mkono mmoja ulikatika ukaendelea kutambaa wenyewe. Nilicheka. Damu yao ilikuwa nyepesi kama juisi ya rozela, na mimi nimechinja kuku wa harusi ngapi.

Shida ilianza kwa yule DJ. Picha hizi za nje huwa kuna kijana anazitafsiri, anaongea juu yake na kutia chumvi yake. Kwenye picha wachimbaji wakifa walikuwa wanavalishwa chuma, wanarudishwa chini ya ardhi kufanya kazi. Roboti, basi. Lakini kijana hakusema roboti. Alisema "misukule wa chuma." Halafu akatokea mwenye kuwaamrisha. Mwanamke mzee, kainama hivi, macho yake mawili ni taa nyekundu. DJ akapaza sauti: "Huyo hapo! Bibi kizee mwenyewe!"

Kicheko kikanikauka mdomoni. Kwenye benchi lile sikuwa bibi wa mtu tena, nilikuwa msichana mwenye pamba mapajani.

Nilipotoka nikawakuta wananisubiri.

"Haya mama, kuna matusi?" Mama Kabula akauliza.

"Hakuna."

"Wanavua nguo?"

"Wamevaa mabati, wavue nini?"

Wakacheka. "Sasa inafaa au haifai?"

Hapo nikakwama. Mimi, wa kukwama kwa maneno! Kwa sababu ningesema nini? Niseme yule kikongwe atawaharibu watoto? Wangeniuliza kwa vipi, nami ningesimama pale mchana kweupe, na macho yangu haya mekundu ya moshi, niwaombe wasinidhanie. Mtu anayekana kabla hajashtakiwa, mimi mwenyewe ningekuwa wa kwanza kumsema.

"Damu nyingi," nikasema. "Haifai."

"Bibi, damu tu?" Masanja akaruka kwa furaha. "Mbona hiyo naipitisha haraka! Rimoti ninayo mkononi."

"Basi mpitishe na yule mzee."

"Nikimtoa yule kinabaki nini? Yeye ndiye picha."

"Kwani huyo mzee anafanya nini, mama?" Mama Kabula akauliza.

"Hana adabu," nikasema. Wakacheka tena, mambo yakaisha. Saa nane watoto wakaingia. Nasikia Masanja alitimiza ahadi, hawakuona hata tone la damu.

Waliporudi nilikuwa barazani na akina mama tunamenya karanga. Watoto walikuja wakitembea kwa kukakamaa, mikono imenyooka, wanalia kama karasha. Mjukuu wangu Kabula akasimama mbali. Kila siku huja kuinama nimshike kichwa. Siku hiyo aliitupa shikamoo kutoka uani.

"Marahaba. Njoo ule karanga."

"Bibi."

"Naam, mama."

"Macho yako yanazimwa wapi?"

Mama yake akaangua kicheko, na wenzake. Nami nikacheka, kwa kuwa lilikuwa neno zuri. Lingekuwa la mtoto wa jirani ningelizungusha mtaa mzima kabla ya magharibi. Lakini alikuwepo Mama Neema, aliyeketi nami miguu imegusana. Mume wake alifukiwa na duara, shimo la dhahabu, masika yaliyopita, na mwili haukupatikana. Yeye hakucheka. Aliacha kumenya, akanitazama usoni taratibu, jicho moja, halafu la pili.

Nimejaribu kutafuta nani wa kumlaumu, simwoni. Masanja aliondoa damu alivyoambiwa. DJ hanijui. Mtoto ameuliza. Na Mama Neema anamtafuta mumewe, kila pahali, hata pasipostahili. Ningesimama niseme "ni picha tu," ningeshikwa kichwa kwa huruma.

"Yanazimwa hivi," nikamwambia Kabula, nikayafumba. "Haya, njoo."

Nikasikia miguu yake inakaribia, ikasimama. "Usiyawashe, bibi."

"Siyawashi."

Mkono mdogo ukachukua karanga kwenye ungo, ukakimbia. Halafu ubavuni kwangu kigoda kikasogezwa, mtu akajikung'uta maganda, akaondoka bila kuaga. Nilitamani kuangalia uso wake. Sikufumbua, nilikuwa nimemwahidi mtoto.